Maji ya Choo Yana Mchotaji: Mwongozo kwa Wasafiri wa Gari la Kulala Njia ya Tanga

Segera ndipo wengi hugundua kuwa wamechelewa. Barabara inagawanyika, moja inaelekea Korogwe na Moshi, nyingine inateremka Tanga, na mtoto aliyeapa kule Msata kwamba hajabanwa sasa amekaza magoti na jasho linamtoka. Mbele kuna kama kilomita 70 kufika mjini. Ungekuwa kwenye basi, konda angesimamisha pembeni na abiria wangeshuka kuchimba dawa. Wewe una gari lako, Haisi uliyoitoa viti ukaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, kwa hiyo unasimama popote moyo unapotaka. Uhuru huo ndio unaoharibu. Kichaka unachokiona kitupu kina njia ya watoto wa shule, kina mchungwa wa mtu, na ukiteremka hatua chache kina kisima.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini. Kwa miaka kadhaa sasa tunasafiri kwa gari la kulala, mimi na mume wangu, watoto wawili, na mama mkwe wangu ambaye magoti yake hayakunjiki tena. Huwa tuko kati ya Bagamoyo na Tanga, na mara nyingine tunafika hadi Horohoro. Chakula hakijawahi kutushinda. Pa kulala hupatikana. Choo ndicho kilichotufundisha adabu, na haya ndiyo ninayowaeleza ndugu na marafiki kila wanapokuja kuazima gari letu.

1. Fungasha vya chooni kabla ya vya jikoni

Anza na maji. Weka madumu mawili ya lita 20 yasiyo ya kunywa wala kupikia, yafunge kitambaa chekundu shingoni yasichanganywe na mengine. Utayabeba hata kama tangi la gari limejaa, kwa sababu dumu linafika mpaka mlango wa choo cha watu na tangi halifiki. Sababu nitaieleza mbele, na ndiyo inayonifanya niandike.

Baada ya maji, tafuta kopo lako la kuchambia, lenye mkono, na ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya pedi, pampasi na tishu zilizotumika. Usitegemee mifuko ya rambo kwa kazi hiyo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na anayeingia kutoka Kenya kwa Horohoro aiache upande wa pili. Sisi tunafungia kwenye gazeti, tunatia kwenye ndoo, tunafunika. Ongeza jozi ya kandambili za chooni tu zinazokaa mlangoni mwa gari, kanga mbili za zamani, tochi ya kuvaa kichwani, sabuni ya kipande, na sarafu. Sarafu za 200 na 500 tunaziweka kwenye kopo tupu la hamira. Noti ya elfu kumi mlangoni mwa choo asubuhi ni kumtesa mlinzi wa choo na walio nyuma yako kwenye foleni.

Kama unasafiri na mzee, chukua kiti cha plastiki cha kawaida, kata tundu katikati ya kikalio, lainisha kingo kwa moto wa mshumaa ili zisichane ngozi. Unakiweka juu ya choo cha kuchuchumaa na mzee anakaa kwa raha zake. Nyumba nyingi zenye wazee wanakifahamu kiti hicho. Mama mkwe alikataa kusafiri nasi mara mbili bila kusema sababu, mpaka binti yangu alipomuuliza faraghani. Tulipokitengeneza kiti, akafungasha mwenyewe.

Na kibuyu chirizi. Aliyesoma shule ya msingi miaka ya karibuni huenda amekitengeneza kwa mikono yake. Chukua dumu la lita 5, toboa tundu dogo kwa msumari wa moto karibu na shingo, upande wa mbele. Pitisha kijiti kwenye mkono wake na ulininginize. Funga kamba shingoni, kamba ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiachia, linarudi. Hakuna mkono mchafu unaogusa bomba, na maji ya familia nzima hayazidi lita chache kwa siku. Sisi tunalitundika kwenye mlango wa nyuma uliofunguliwa juu, na sabuni iko kando yake ndani ya kipande cha wavu.

2. Simama kabla hujabanwa

Kanuni yetu ni kila saa mbili, abanwe mtu asibanwe. Aliyebanwa hachagui, hasalimii, hana subira ya foleni. Adabu yote ninayoieleza humu inahitaji mtu mwenye dakika kumi mkononi.

Ukitoka Bagamoyo, kipande cha kwanza ni kama kilomita 64 hadi Msata, kisha unashika barabara kuu, unavuka Wami, unapita Mkata na Kabuku hadi Segera, halafu Muheza, halafu Tanga mjini. Miji hii yote ina sheli, stendi au hoteli za kulia chakula, na ukiigawa safari kwa miji badala ya kwa vichaka hutapungukiwa. Programu za simu zinazotumiwa na wasafiri wa magari ya kulala, kama iOverlander, husaidia kujua pa kulaza gari. Kwa vyoo vya huku naamini midomo ya watu zaidi. Mwanaume amuulize dereva wa bodaboda kijiweni, maana yule anashinda hapo kutwa na lazima ana pake. Mwanamke amuulize mama lishe au dada wa saluni. Atakuelekeza choo chenye komeo, na hilo bodaboda huenda hajawahi kulifikiria.

Sheli kubwa ndizo za kwanza kwangu. Weka mafuta, hata kidogo, kisha muombe mhudumu ufunguo, kwani vyoo vingi vya sheli hufungwa. Regesha ufunguo mkononi mwake, usiuache mlangoni. Pili ni hoteli zinaposimama mabasi. Hapo kuna jambo moja nawasisitizia wote wanaoazima gari: basi likiingia, wapishe. Abiria sitini wamepewa dakika kumi na honi inawangoja. Wewe una siku nzima. Rudi garini, chemsha chai, basi likiondoka ingia, tena mara nyingi utakuta mhudumu ameshamwagia maji.

Stendi zina vyoo vya kulipia, na kwa Tanga mjini stendi ya mabasi makubwa ni Kange. Bei za vyoo vya namna hii huwa shilingi 200, 300 au 500, na kuoga huwa zaidi. Usiegeshe Haisi mbele ya mlango wa choo wala juu ya chemba. Gari la kunyonya majitaka likija na kukuta umelala juu ya mfuniko, unasimamisha kazi ya stendi nzima. Masoko nayo hujitegemea kwa vyoo vya kulipia, ila ukienda Mgandini nenda mapema, kabla wauzaji hawajafungua meza. Baada ya hapo choo ni chao na wana haki nacho.

Shule usiziguse, hata wakati wa likizo mlinzi akikukaribisha. Kiwango kilichowekwa nchini ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na shule nyingi bado hazijakifikia. Kila tundu unalolijaza wewe limetolewa kwa mtoto. Zahanati na hospitali nazo waachie wagonjwa.

Misikiti inahitaji neno la peke yake, kwa sababu mwambao huu misikiti ni mingi na vyoo vyake huwa na maji wakati mabomba mengine yamekauka. Asiye Muislamu akiomba kwa heshima mara nyingi hakatazwi. Omba kwa mtu, usijiingilie. Usiende adhana ikikaribia wala Ijumaa mchana. Uliza panapoishia viatu. Mwanamke aulize kwanza kama kuna upande wa wanawake, maana misikiti mingine midogo haina. Maji ya birika ni ya udhu, kwa hiyo usichovye humo kopo la chooni hata kidogo. Ukitoka, tia chochote kwenye sanduku la sadaka.

3. Omba, na uulize maji kwanza

Siku moja kwenye stendi fulani, sitaitaja, nilimkuta bibi mlinzi wa choo amekaa kwenye kigoda na ndoo tatu mbele yake. Nikampa sarafu yangu, nikataka kupita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kopo moja au mawili?"

Sikumuelewa. Akanionyesha bomba. Lilikuwa kavu tangu jana yake. Maji yale kayanunua kwa muuza maji wa mkokoteni, kwa fedha yake, na kila anayeingia anapimiwa. Haja ndogo kopo moja, haja kubwa mawili. Kabla yangu alipita kijana mmoja aliyechukua ndoo nzima, akanawa mpaka miguu. Bibi alikuwa akihesabu sarafu na maji, na hesabu ilikuwa inamlalia yeye. Nilirudi garini nikamletea dumu moja. Alilipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa kubeba.

Tangu siku hiyo, kila tunapoomba choo swali letu la kwanza baada ya salamu ni, "Maji yapo, au nije na yangu?" Choo cha kumwaga kwa kopo kinataka lita mbili au tatu ukimwaga kwa akili. Dumu la lita 20 linatosha watu saba au nane. Choo cha tangi la kuvuta kinakunywa lita sita mpaka tisa kwa mvuto mmoja. Mahali ambapo maji yanakuja kwa kichwa cha mtu au kwa mkokoteni, wageni wanne wa Haisi wakiingia mara mbili wameshamaliza jasho la asubuhi nzima. Ukija na dumu lako lenye kitambaa chekundu, hata mwenye nyumba mkali hulainika.

Nyumbani kwa watu, kwa mfano umeegesha kwa ndugu kwenye barabara mojawapo kati ya zile 21 za Ngamiani na choo cha ndugu kina mafundi, piga hodi kwa jirani. Mara tatu. Kusipoitikiwa, ondoka. Wakiitikia, salamu kwanza, tena salamu kamili, habari za nyumbani na za watoto. Ndipo useme, "Samahani mama, naomba nijisitiri," au "naomba kuingia uani." Watu wa pwani hawapendi neno lenyewe litajwe sebuleni, na watakuelewa kabla hujamaliza. Mwanamke amuombe mwanamke. Usimtume mtoto peke yake kuomba, wala usikubali mtoto wako aongozwe chooni na mtu usiyemjua.

Fedha nyumbani kwa mtu huweza kuudhi. Mpelekee machungwa ya Muheza au sabuni ya kipande, umkabidhi wakati wa kuaga.

4. Ndani

Vaa kandambili za chooni. Kama kuna kandambili zimewekwa mlangoni, vaa hizo na uziache zikielekea nje, ili mwingine aingize mguu bila kuzigeuza. Wenyeji huingia kwa mguu wa kushoto na hutoka kwa wa kulia. Anayefuata mila hiyo hataki maongezi akiwa ndani, kwa hiyo usimsemeshe kupitia mlango wala kumgongea kwa fujo. Kikohozi kidogo kinatosha kujulisha kuwa kuna mtu.

Wenye dera au kanzu, pandisha na ufunge kiunoni kabla ya kuingia, mikono ikiwa bado huru. Watoto waliozoea choo cha kukaa wafundishe kuchuchumaa wiki mbili kabla ya safari, uani kwenu, wakikushika mikono. Mtoto anayeogopa tundu atajikaza mpaka tumbo limuume, na safari inaharibika siku ya pili.

Kumwaga maji kuna ufundi. Ukitiririsha kidogo kidogo unapoteza kopo tatu na uchafu unabaki. Inua kopo mpaka usawa wa goti, mwaga kwa nguvu mara moja, ulenge tundu. Kisha kopo la pili, nusu tu, kwa kusafisha pembeni na sehemu za nyayo. Angalia nyuma yako kabla ya kufungua komeo. Kama umechafua sakafu, fagio la chelewa liko pale kwa kazi hiyo na mikono ni yako.

Tishu zinategemea choo. Kwenye choo cha shimo haziharibu kitu. Kwenye choo cha kumwaga, kile chenye kipinde chini kinachoshika maji ili harufu isipande, zinakwama. Ukiona kuna ndoo ya taka pembeni, jua wenyewe wameshateseka. Pedi, pampasi, vitambaa na chupa visiingie kwenye choo cha aina yoyote, na nasema hivyo kwa kukazia. Siku shimo linapojaa na gari la kunyonya likaitwa, mpira wake hunasa kwenye vitu hivyo. Hapo kazi inamrudia mtu anayeshuka na ndoo na koleo, afya yake ikiwa rehani.

Usioge chooni kama hukuomba kuoga. Usioshe vyombo. Ukitoka, ndoo uliyoikuta imejaa iache imejaa, na hapo ndipo dumu lako linapofanya kazi. Mlipe mlinzi, mwambie ahsante kwa maji. Wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

5. Usiku

Unapoomba kulaza gari kwenye uwanja wa gesti, kambi au hoteli ya ufukweni, uliza choo hapohapo, kabla ya bei. Tutatumia kipi, kinafungwa saa ngapi, taa ipo? Lipa kwa idadi ya watu watakaotumia choo, si kwa idadi ya magari. Tumewahi kuwakuta wageni waliolipia gari moja na kutoka humo watu sita, na mhudumu wa usafi hakuongezewa hata sabuni.

Hata choo kikiwepo, usiku wa manane hutaki kuvuka uwanja wenye mbwa. Kwa haja ndogo tunatumia dumu la lita 5 lenye mdomo mpana, na faneli kwa wanawake. Linatosha usiku wa familia yetu. Lakini madumu ya huku ni yaleyale ya mafuta ya kula, ya njano, na mtu anaweza kulishika akidhani ni maji. Lipake rangi nyeusi lote, liwe na mahali pake maalumu, mbali na jikoni. Asubuhi lichanganye na maji, likamwagwe chooni, lisuuzwe kwa maji yako.

Kwa haja kubwa tuna ndoo ya lita 20 yenye kikalio na mfuniko unaobana. Ndani yake tunatanguliza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukauka, au vumbi la mbao kutoka kwa mafundi seremala, na kila baada ya kutumia unafunika kwa konzi mbili. Mkojo usiingie humo kwa wingi. Harufu mbaya huanzia pale mkojo na kinyesi vinapokutana, na kikavu hutulia. Makumbi unayaomba kwa mfuaji nazi naye anashukuru kupunguziwa.

Ukisimamisha hema dogo la choo nje ya gari, fikiria upepo na kibla. Kaskazi inavuma karibu kuanzia Desemba hadi Machi, kusi inashika baada ya hapo hadi katikati ya mwaka na kuendelea. Hema liwe upande ambao upepo unakwenda, mbali na madirisha ya watu. Na kwa kuwa Tanga na Maka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kibla chetu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo sana. Muislamu hapendi kukielekea wala kukipa mgongo akijisaidia. Kikalio kikitazama mashariki au magharibi, kila mgeni wako atakitumia bila wasiwasi.

6. Kumwaga ndoo

Hapa ndipo nilipokosea vibaya, na mwenye kuumia alikuwa mwingine. Kwenye gesti moja tuliomba kumwaga ndoo yetu, tukaruhusiwa, na mimi nikaimwaga, makumbi na yote, kwenye choo cha kumwaga cha uani. Nikaongeza ndoo ya maji, nikaona vinashuka, nikaridhika. Tuliondoka. Miezi mitatu baadaye tuliporudi, mama mwenye gesti alinipokea vizuri, akatupa chai, ndipo akanieleza polepole kwamba binti wa kazi alikaa siku mbili na waya akizibua kile kipinde, na wapangaji wakawa wanakwenda kwa jirani. Hakupandisha sauti. Nilimtafuta yule binti, nikamwomba radhi na kumlipa siku zake mbili. Nyuzi za nazi haziozi haraka na hazilainiki. Kwenye kipinde zinajisuka kama kamba.

Kwa hiyo: ndoo kavu yenye makumbi au vumbi la mbao inamwagwa kwenye choo cha shimo la moja kwa moja tu, lenye nafasi. Mulika tochi, na kama uchafu uko karibu na juu, acha, tafuta pengine. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mashimo ya maeneo ya chini hujaa maji ya ardhini na wengine huyaachia yatiririke mtaani mvua inaponyesha. Miezi hiyo usimwongezee mtu mzigo.

Wenye vile vyoo vya kubeba vya plastiki vyenye tangi la chini na dawa ya buluu, swali lenu ni la dawa. Dawa nyingi za zamani zina kemikali za kuua vijidudu, na karo la majitaka linaishi kwa vijidudu hivyohivyo, ndivyo vinavyolila na kulipunguza. Karo dogo la nyumba likimwagiwa tangi zima la dawa linaweza kuamka kwa harufu siku kadhaa. Tumieni dawa zinazooza, au sabuni kidogo tu, na muombe kumwaga penye karo kubwa, kama la hoteli.

Popote utakapomwaga, omba kumwaga. Kuruhusiwa kutumia choo hakujabeba ruhusa hiyo. Sema kiasi, kwa lita. Nenda saa ambayo watu hawana foleni, kama saa nne asubuhi. Mwaga polepole usirushe, suuza kwa maji yako, osha sakafu na ukuta uliorukiwa, kisha mlipe anayesafisha, mkononi mwake, mbali na bosi.

7. Pasipo choo

Kuna nyakati hakuna kabisa. Chimba sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, njia na shamba, fukia, na karatasi urudi nayo. Kanuni hii ni ya wasafiri wa dunia nzima na kwa bara inafaa. Kwa mwambao wetu kuna mahali pasipofaa kabisa.

Ufukweni ni pa kwanza. Mchanga uliokauka mchana unafunikwa usiku, hasa wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapopanda juu kuliko siku za kawaida. Ulichofukia kinafukuliwa. Maji yakipwa, wanawake wanatembea palepale wakitafuta pweza na kombe. Mikokoni si maficho pia, humo samaki wanazaa na watu wanachota riziki. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi, na vimelea vyake vinaweza kuishi kwenye maji ya chumvi kidogo, kama ya milango ya mito.

Bonde la mto Zigi ni pa pili. Maji ya bomba ya jiji la Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto huo unaoshuka kutoka Amani, kwenye milima ya Usambara. Ukielekea milimani ukaona kijito kizuri cha kuegesha, kumbuka hayo ndiyo maji ya chai ya shangazi yangu wa Chumbageni. Mapango ya Amboni vilevile. Ni mawe ya chokaa yenye nyufa, maji yanapita bila kuchujwa na udongo, na humo ndani wako watu huleta sadaka na kuomba. Maliza haja mjini kabla ya kwenda. Anayepita njia ya Saadani asishuke garini ovyo, ni hifadhi ya taifa na wanyama wake hufika hadi pwani. Subiri lango au kambi.

Na Tongoni, ukielekea Pangani. Yale magofu yana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na si kila kaburi limebaki na jiwe la kulitambulisha. Kichaka unachokiona nyuma ya ukuta huenda kina mtu aliyelala, na wenyeji wanalijua hilo kuliko bango lolote. Kaole pale Bagamoyo ni hivyohivyo. Usichimbe. Rudi kijijini, piga hodi nyumba ya kwanza yenye mama mlangoni, salimia, na dumu lako lenye kitambaa chekundu liwe mkononi.